Kutega na Kutegua: Bunduki Kongwe ya Shabaha na Kazi ya Mhariri wa Tungo

Utangulizi

Mtegaji anaposema "Kitendawili!", hadhira humjibu "Tega!" Kitenzi hiki tumekizoea mno hata ni nadra kukumbuka kwamba asili yake si fasihi bali uwindaji. Anayetega huvuta kitu chenye nguvu ya kurudi, akakizuia kwa kijiti chembamba, kisha akangoja mguso. Anayetegua ndiye anayegusa. Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kueleza kwa kina muundo wa vitendawili na dhima yake katika jamii, na si azma yangu kuyarudia maelezo hayo. Ninanuia kueleza jinsi nilivyokielewa upya kitenzi hiki mbali sana na pwani yetu, katika karakana ya fundi wa bunduki nchini Ujerumani, na jinsi uelewa huo ulivyonisaidia kukata shauri kuhusu mstari mmoja wa utenzi niliokuwa nikiuhariri.

Sina utaalamu wa silaha, wala sina mapenzi nazo. Kwa mtu aliyelelewa Kenya, mlio wa bunduki hauhusiani na mchezo. Hata hivyo, fundi stadi hufundisha kwa mikono yake, na mwanafunzi akiwa macho huweza kupata somo ambalo mwalimu hakudhamiria kulitoa.

Bunduki yenyewe

Mwaka 2018 nilikuwa Bayreuth, katika jimbo la Bavaria, mji ambao chuo kikuu chake kina historia ndefu ya utafiti wa fasihi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha nakala mbili za utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu na ambao umehifadhiwa na ukoo mmoja wa Lamu. Nilipanga chumba katika kijiji jirani, kwa mzee aliyekuwa amestaafu ufundi wa bunduki. Bintiye ndiye aliyerithi duka na leseni, lakini karakana iliyokuwa chini ya chumba changu iliendelea kuwa milki ya baba. Nilimwita Mzee. Nilipomfafanulia kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, hakutaka tena nimwite kwa jina jingine.

Majira hayo alikuwa ameletewa bunduki na chama cha walenga shabaha cha kijiji. Vyama hivi ni vya kale katika nchi za Kijerumani, na shirikisho lao la kitaifa liliasisiwa mjini Gotha mwaka 1861. Kila mwaka vyama hushindana, mshindi akatawazwa kuwa mfalme wa walengaji, na aghalabu sahani ya mbao iliyochorwa picha hutundikwa ukutani kuwa kumbukumbu. Mwaka 2015 desturi hii iliingizwa katika orodha ya taifa la Ujerumani ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Kwa hivyo, bunduki ile haikuwa ya askari wala ya mwindaji. Ilikuwa chombo cha sherehe na cha ustadi.

Ilitengenezwa na kampuni ya Haenel mjini Suhl, mji wa wafua bunduki ulioko Thüringen, kwa mfumo uliobuniwa na Carl Wilhelm Aydt katika miaka ya 1880. Hupakiwa risasi moja tu kwa wakati. Mtutu wake ni mzito, wenye pande nane, ili usitikisike mkononi. Kitako chake cha mti wa mjozi kimechongwa mahali pa kulaza shavu, na bamba la nyuma limepindwa kama mwezi mchanga ili likumbatie bega. Risasi yake ni ile ya 8.15 × 46R, iliyopendwa sana na walengaji wa Kijerumani tangu miaka ya 1890. Chini ya mtutu mlikuwa na herufi ndogo zilizovikwa taji, ambazo ni alama za majaribio yaliyoamriwa na sheria ya mwaka 1891. Mzee alizisoma jinsi sisi tusomavyo tamati ya mswada, mahali ambapo mnakili hutaja jina lake na tarehe.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, raia waliamriwa na majeshi ya washindi kusalimisha silaha zote. Bunduki nyingi za shabaha zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ziliharibiwa pamoja na zile za vita. Hii moja ilifichwa ndani ya ukuta wa ghala la majani makavu, na wenye siri wakafa nayo. Ghala lilipobomolewa, polisi wakaarifiwa na silaha ikasajiliwa kama sheria inavyodai, ilikuwa imevikwa kutu toka mdomoni hadi kwenye bamba.

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuitazama bunduki ya Kijerumani ya enzi ile bila kukumbuka yaliyotendeka upande wetu wa bahari. Katika miaka hiyo hiyo walengaji wa vijiji walipokuwa wakitawazana ufalme, bunduki nyingine za Kijerumani zilikuwa Kilwa, Songea na Ungoni katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Tunao utenzi wa vita hivyo, wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1933. Nilimweleza Mzee habari hizo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba fundi wa Suhl hakuchagua chuma chake kingekwenda wapi, lakini hilo halikumtosha kuwa udhuru. Mimi sikuongeza neno. Tuliendelea na kazi, na kumbukumbu hiyo ilikaa nasi mezani muda wote.

Usafishaji

Nilitarajia kwamba atachukua msasa. Hakuuchukua. Kwa siku tatu za kwanza hakufanya ila kutia mafuta mepesi penye maungio na kungoja. Kisha alichonga bisibisi moja baada ya nyingine ili ncha ya kila moja ijae barabara katika mfuo wa skrubu moja tu. Skrubu iliyochanwa kichwa, alisema, ni saini ya fundi mwenye pupa, na saini hiyo haifutiki.

Ndani ya mtutu alipitisha maji ya moto kabla ya mafuta. Nilishangaa kuona maji yakitumiwa dhidi ya kutu, naye akanieleza sababu. Fataki za zamani zilikuwa na kemikali ambayo, ikishalipuka, huacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa na kuila feleji. Mafuta hayayeyushi chumvi bali huifunika tu, nayo ikaendelea kula chini kwa chini. Maji ndiyo yanayoiyeyusha na kuiondoa, na baada yake mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta.

Kwa upande wa nje alitumia njia iliyonivutia zaidi. Alikwangua kutu iliyolegea kwa kipande cha shaba laini, kisha akauchemsha mtutu katika maji safi yasiyo na madini. Kutu nyekundu iliyobaki ikageuka nyeusi. Si rangi iliyopakwa. Ni kutu ile ile iliyobadilika kuwa oksidi nyingine, ambayo hushikamana na chuma na kusaidia kukikinga. Vishimo vilivyochimbwa na miaka sabini ya unyevu vilibaki vinaonekana. Nilimwuliza kwa nini asivisawazishe kwa tupa. Alijibu kwamba angeweza, lakini pamoja na vishimo angeondoa herufi za Suhl, na hapo angebaki na chuma kizuri kisicho na kwao.

Mtambo

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye kifyatulio. Bunduki ya kawaida ya kuwindia hudai kuvutwa kwa nguvu ya kilo moja na nusu hivi, pengine mbili. Nguvu hiyo hutosha kumtikisa mlengaji na kuipotosha risasi. Kwa sababu hiyo mafundi wa Kijerumani walikwisha kubuni, karne nyingi kabla ya Aydt, mtambo wa vifyatulio viwili. Kile cha nyuma kikivutwa, kijinyundo kidogo kilichofichwa ndani hukaza kamani yenye nguvu, kisha hukamatwa na ukingo wa kidato, yaani mkato mdogo ulio kwenye kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole. Tangu hapo nguvu yote imo ndani, inangoja. Kifyatulio cha mbele kikiguswa, ukingo huachilia, kijinyundo huruka na kugonga kishikizi, nayo bunduki hulia. Mguso unaohitajika waweza kuwa chini ya gramu mia moja, na hurekebishwa kwa skrubu nyembamba iliyo baina ya vifyatulio hivyo viwili.

Mzee aliniuliza, "Kwenu kitendo hiki mnakiitaje?" Wajerumani hutumia kitenzi chenye maana ya kuchoma au kudunga. Nilimjibu bila kufikiri kwamba kwetu huku ni kutega, na kwamba mguso wa pili ni kutegua. Baadaye usiku ndipo nilipotambua uzito wa jibu hilo. Hata neno mtambo, ambalo leo tunalitumia kwa mashine za viwanda na za mawasiliano, katika Kiswahili cha zamani lilitaja kamani ya mtego na kifyatulio cha bunduki. Lugha yetu ilikwisha kuona kwamba mtego, bunduki na fumbo ni vitu vya namna moja. Katika vyote vitatu nguvu huhifadhiwa na kitu kidogo, na kila kimoja kina njia moja tu iliyo sawa ya kuiachilia.

Bunduki ile, hata hivyo, haikukubali kutegwa. Kifyatulio cha nyuma kikivutwa, kijinyundo kilikamatwa kwa nukta moja kisha kikateguka chenyewe, bila kuguswa. Mzee alifungua mtambo, akakitazama kile kipande kidogo kwa kioo cha kukuzia, kisha akanipa nami nitazame. Ukingo wa kidato ulikuwa na mistari membamba ya tupa. Mtu fulani, kabla ya vita, alitaka kifyatulio kiwe chepesi zaidi, akakisugua. Lakini chuma cha aina hiyo ni kigumu kwenye ganda la juu tu. Chini yake ni laini. Yule fundi alipitiliza ganda, akafika kwenye ulaini, na tangu hapo ukingo ukawa unalika kila unapokaza. Bila shaka siku ile ya kwanza kifyatulio kilikuwa chepesi ajabu, na mwenye bunduki alimshukuru.

Bahasha

Mzee alikuwa na njia tatu. Angeweza kuusugua tena ukingo na kuupa pembe mpya, ambayo nayo ingelika. Angeweza kujaza chuma kipya juu ya kile cha zamani, akaificha kazi ya tupa isionekane kamwe. Alichagua ya tatu: alichonga kipande kipya kwa kufuata umbo ambalo la zamani lilikuwa nalo kabla ya kusuguliwa, akalikisia kutokana na sehemu zisizoguswa. Alikitia moto, akakipoza katika mafuta, kisha akakipasha tena taratibu hadi chuma kikapata rangi, ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukingo aliunyoosha kwa kinoo, mipapaso minne au mitano, akipima baada ya kila mmoja.

Nyuma ya kipande kipya, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa, aligonga mwaka wa kazi. Kipande cha zamani alikitia katika bahasha ndogo, akaandika juu yake ni nini, kilitoka wapi, na kwa nini kiliondolewa. Bahasha hiyo ingefuatana na bunduki popote itakapokwenda. Nilimwuliza ni ya nini ilhali kipande hicho hakifai tena. Akasema, "Pengine mimi ndiye niliyekosea. Atakayekuja baada yangu apate kuangalia mwenyewe."

Kwa mtu wa fani yangu, hiyo ilikuwa tanbihi. Wala sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya tanbihi katika toleo la kihakiki.

Mizani saba

Utenzi niliokuwa nikiushughulikia ulikuwa katika nakala mbili, nizitaje hapa A na B. A ni ya zamani zaidi. Katika ubeti mmoja, A ina mstari wenye mizani saba, ilhali kaida ya utenzi ni minane. Mstari huo una maneno mawili yanayofuatana, nuru na ilmu, na neno la pili limeandikwa kwa sukuni juu ya lamu, yaani silabi mbili tu. B inao mstari huo huo ukiwa na mizani minane kamili, kwa kuwa kati ya maneno hayo mna kiunganishi: nuru na ilmu.

Kwa mhariri mwenye haraka hakuna swali hapa. B imenyooka, A inachechemea, basi tuchukue B. Lakini tutazame maana. Katika B mtunzi anamwomba Mola vitu viwili. Katika A anaomba kimoja: nuru ambayo ndiyo ilmu yenyewe. Kiunganishi kimoja kimemega sitiari na kuifanya orodha. Mnakili wa B alisikia mstari ukichechemea, akausaidia, na bila shaka wasomaji wake walimshukuru. Simlaumu. Alikuwa na sikio zuri na tupa kali.

Tena hatuwezi kudai kwamba hilo ni jambo geni katika historia yetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga mbao, mwandishi wa hati na mtunzi kwa wakati mmoja, na alinakili tungo kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya wakiwemo William Hichens na Ernst Dammann. Katika kazi ya fundi wa kiwango hicho si rahisi kila mara kusema mahali unakili unapokoma na utunzi unapoanza. Aidha, atakayeliweka toleo la Al-Inkishafi la Hichens la mwaka 1939 ubavuni mwa lile la James de Vere Allen la 1977 ataona kwamba wahariri wawili waweza kutupa matini mbili zisizolingana za utungo mmoja. Kila mmoja ana sababu zake. Suala ni iwapo msomaji amepewa bahasha.

Kwa upande wangu, niliamua kuchapisha A na mizani yake saba, nikiweka B katika tanbihi pamoja na hoja za pande zote mbili. Mwaka uliofuata nilikwenda Lamu, nikamsikiliza bibi mmoja wa ukoo ule akiughani utenzi kwa moyo, bila kitabu. Alipofika kwenye ubeti huo alisema nuru ilimu, kwa irabu iliyo wazi baada ya lamu. Mizani ilikuwa minane. Sikio la jadi lilikuwa limeutengeneza mstari kabla kalamu haijauona ubovu wake, tena bila kuigusa maana. Sidai kwamba ushahidi huu unamaliza mjadala, kwani mghani wa leo si shahidi wa siku ya utunzi. Ninachodai ni kwamba kama A ingeachwa nje ya kitabu, swali lenyewe lisingekuwepo.

Uzima na usalama

Liko jambo moja ambalo Mzee na bintiye hawakukubaliana, na ambalo bado linanishughulisha. Chama kilitaka bunduki iwekwe katika kabati la kioo ukumbini, watoto waione. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2016 zimeeleza kwa urefu jinsi ya kuilemaza silaha ili isihesabiwe tena kuwa silaha, na ulemazaji huo haurejeki. Binti aliona hiyo ndiyo busara. Baba alisema bunduki ambayo mtambo wake umeunganishwa kwa moto ni sanamu ya bunduki, na kwamba hakufanya kazi majira yote ya baridi ili kutengeneza sanamu.

Mimi, kwa malezi yangu, nilikuwa upande wa binti. Chombo kinachoweza kuua kina haki ndogo kuliko binadamu atakayesimama mbele yake. Lakini hoja ya baba ilinifuata hadi kwenye miswada yangu. Leo tungo zetu nyingi kongwe zimo katika hifadhi za London, Hamburg na Dar es Salaam, na nyingine hutazamwa kwenye kompyuta na yeyote anayetaka. Hilo ni jema, na bila hilo mimi mwenyewe nisingekuwa na kazi. Hata hivyo utenzi unaotazamwa bila kughaniwa umo katika kabati la kioo. Tunauona kidato, tunaiona kamani, ila hakuna tena anayeutega.

Wale wawili walifikia mapatano. Bunduki ilibaki nzima, ikafungiwa katika kasha la chuma la duka kama sheria inavyotaka. Ukumbini ikatundikwa picha yake na maelezo ya kazi. Siku moja kila mwaka, katika mashindano ya chama, hutolewa na kulengwa shabaha, kisha husafishwa na kurudishwa.

Hitimisho

Mafunzo ya uhariri tuwapayo wanafunzi wetu wa uzamili hutilia mkazo ulinganishaji wa nakala, na hivyo ndivyo ipasavyo. Ningependa tuongeze swali moja ambalo kila mhariri ajiulize kabla hajagusa mstari unaochechemea: je, ubovu huu ni wa utungo, au ni wa sikio langu? Kishimo cha kutu na alama ya Suhl hukaa katika chuma kimoja, na tupa haiwezi kuvitofautisha. Anayeweza ni fundi peke yake, tena akiwa na subira ya kutia mafuta na kungoja.

Mtunzi aliyetega ubeti alipima nguvu ya neno na wembamba wa kijiti kinachoizuia. Tukiufanya ubeti uwe mwepesi kupita alivyoukusudia, utateguka wenyewe kabla msomaji hajaugusa. Tukiukaza kwa kaida zetu, hautateguka kamwe. Wajibu wetu ni kumfikishia msomaji mtego ukiwa bado umetegwa, pamoja na bahasha ya yote tuliyoyaondoa.